Kidole Juu ya Kioo

Mwishoni mwa Desemba 2019, Kyela mjini kama ilivyokuwa katika miji yote ya Tanzania, gumzo lilikuwa moja: kusajili laini. Vijana wa kampuni za simu walikaa chini ya miavuli ya rangi, kila mmoja na meza yake ya plastiki na kimashine cha kuenea kiganjani, chenye kioo kidogo kinachowaka taa. Mteja alitaja namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 20 zinazoanza na mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa, kisha akaweka kidole juu ya kioo. Mashine ikikubali, laini imesajiliwa. Ikikataa, hapo ndipo kazi inapoanza.

Kwa watu wa jembe na nyavu, mashine hukataa. Kidole kilichopandikiza mpunga kwenye matope kwa miaka 30, kikapasua maganda ya kakao, kikaanika usipa na kuvuta kamba za mtumbwi, mistari yake hulika mpaka ncha ikawa laini kama kokoto ya ufukweni Matema. Kioo kinamtazama mwenye kidole hicho na kumwona kama mtu asiye na alama. “Futa, mama, weka tena.” Dole gumba likigoma, hujaribiwa cha shahada, mkono wa kulia ukigoma, hujaribiwa wa kushoto. Mwingine hupangusa kidole kwenye kanga, mwingine hupaka mafuta kidogo, na foleni nyuma yake inaguna.

Usajili huo wa alama za vidole ulianza 1 Mei 2019, na laini ambazo hazingesajiliwa zingezimwa mwisho wa mwaka. Tarehe 27 Desemba Rais John Magufuli, akiwa nyumbani kwake Chato, alisajili laini yake mwenyewe na kuongeza siku 20, hadi 20 Januari 2020. Kwa wengi kikwazo hakikuwa laini bali namba ya NIDA, ambayo ilikuwa haijatoka. Basi katika foleni zile watu waliulizana kama namba imetoka. Swali jingine, kwamba alama zile zitakaa wapi, zitasomwa na nani na kwa muda gani, halikuwa na dirisha la kuulizia.

Mgeni angetazama foleni hizo akahitimisha kwamba Watanzania hawajali taarifa zao. Angekosea. Watu wa Kyela, kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, wana hesabu ndefu na serikali juu ya nani aandikwe, aandikwe kwa ajili gani, na nini hufuata baada ya kuandikwa. Hesabu hiyo imeanza kabla ya simu, kabla ya Uhuru, na hata kabla ya barabara ya kushuka kutoka Tukuyu.

Vibanda vilivyohesabiwa

Taarifa ya kwanza ambayo dola ya kisasa iliitaka hapa ilikuwa idadi ya nyumba. Mwaka 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya kibanda katika koloni lao lote la Afrika Mashariki, na kodi ya kibanda haikusanywi bila kuhesabu vibanda. Waingereza walipochukua nchi waliendeleza mtindo huo kwa sheria ya kodi ya kibanda na kichwa ya mwaka 1922. Mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, na karani alipofika uani aliona kodi tatu. Kwa mtu wa kawaida, daftari na kodi vikawa kitu kimoja: ukiandikwa, utadaiwa.

Kodi ilitaka fedha taslimu, na fedha zilikuwa mbali. Vijana wa Kinyakyusa walipanda kwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya. Wengine walichukuliwa na WENELA, wakala wa migodi ya Afrika Kusini, wakapelekwa Witwatersrand kwa mkataba. Mkataba uliandika jina, kijiji na chifu wa mhusika, na sehemu ya mshahara wake ilimngoja nyumbani mpaka arudi. Ajira hiyo ilisitishwa Tanganyika ilipojitawala. Kwenye mashamba ya mkonge hali ilisemwa kwa neno moja ambalo bado tunalo: vibarua waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake.

Si kila mahali watu walikubali kuandikwa. Katika milima ya Upare, wenye mamlaka walipotaka kila mtu apimwe mali yake ili alipe kodi kulingana na alichonacho, wananchi walisema hapana. Januari 1945 maelfu walishuka hadi Same wakapiga kambi. Kodi hiyo iliitwa mbiru, na vuta nikuvute yake ilidumu miaka kadhaa kabla haijafutwa. Wapare walikuwa wakilipa kodi ya kichwa miaka yote. Walichokataa ni mtu kuingia ndani ya boma, kuhesabu ng’ombe na mibuni, kisha kuamua nyumba fulani ina uwezo gani.

Uhuru haukufuta kumbukumbu hiyo. Kodi ya kichwa iliondolewa mwaka 1969, ikarudi katikati ya miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, ikaondolewa tena mwaka 2003. Mtu mwenye miaka 50 leo, Kyela au kwingineko, anawakumbuka mgambo waliosimama barabarani kudai stakabadhi, na wanaume waliopita shambani kuwakwepa.

Julai 2021 hesabu ileile ilirudi kwa sura nyingine. Serikali ilianzisha tozo kwenye miamala ya simu, hadi Sh 10,000 kwa muamala mmoja mkubwa. Mtu aliyezoea kumtumia mama yake fedha kijijini aliona kwamba kumbukumbu ya kielektroniki ya muamala wake imegeuka kuwa kibanda cha kuhesabiwa. Wengi walirudi kwenye noti: bahasha ikapewa kondakta wa basi, au ndugu anayesafiri. Kelele zilikuwa kubwa, tozo ikapunguzwa ndani ya miezi michache, ikaja kupunguzwa tena. Fundisho la kodi ya kibanda lilikuwa limejirudia.

Wilayani Kyela fundisho hilo lina jina la kienyeji pia. Kakao, zao kuu la biashara la wilaya, huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika na stakabadhi ghalani. Kila kilo inaandikwa, makato yanajulikana, na malipo hupita benki. Pembeni yake ipo njemke, ununuzi wa kakao mbichi unaofanyika kimyakimya nje ya mfumo, ambao viongozi wameupiga marufuku mara nyingi. Mkulima anayeuza njemke hupunjwa bei, naye anajua. Lakini anapata fedha siku hiyohiyo, na hakuna daftari linalobaki na jina lake.

Mto unaohama

Kodi ni hofu moja. Hofu ya pili iko magharibi mwa wilaya, kwenye ukingo wa Mto Songwe.

Songwe ulifanywa mpaka katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890, mkataba uleule ulioacha mgogoro wa ziwa ambao Tanzania na Malawi hazijaumaliza hadi leo. Waliochora mpaka walidhani mto hukaa mahali pamoja. Songwe haukai. Katika tambarare ya chini, kabla ya kuingia ziwani, hujipinda kama nyoka, na mafuriko makubwa yakija hukata kona na kujichimbia njia mpya. Familia inaweza kulala na shamba la mpunga ng’ambo ya huku, ikaamka nalo ng’ambo ya kule. Serikali mbili zimekaa miaka mingi zikipanga namna ya kuzuia kingo zisihame.

Watu wenyewe hawakugawanywa na mto. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga, upande wa Malawi, wanasikilizana bila mkalimani, wanaoana, wanazikana. Siku ya soko mitumbwi huvusha mchele, ndizi na samaki. Bibi alitoka kule, mjomba anaishi huku, na hakuna aliyewahi kuona jambo la kueleza.

Kisha inakuja fomu ya NIDA. Mwombaji hutakiwa kutaja alipozaliwa, na walipozaliwa baba na mama yake. Fomu hupita kwa mtendaji na hupita kwa ofisa wa Uhamiaji, ambaye kazi yake ni kuridhika kwamba huyu ni raia. Kwa mzaliwa wa Dodoma maswali hayo ni ya kawaida. Kwa mtu wa Kasumulu au wa kitongoji chochote kilicho kando ya Songwe, kila jibu la kweli linaweza kuzaa swali jingine. Akisema bibi yake alizikwa Karonga, je, amesema ukweli au amejiharibia? Hapo kutoa taarifa kunakuwa sawa na kuingia kwenye mtihani ambao ukifeli unapoteza nchi.

Majina nayo yana vituko vyake. Ukoo wa Kinyakyusa hujulikana kwa Mwa-, yaani mtoto wa fulani, na sikio la karani kutoka mkoa mwingine halisikii sawasawa. Herufi moja ikiteleza, jina la cheti cha darasa la saba halilingani na la kadi ya kliniki, na la kadi halilingani na la NIDA. Juu ya hayo, Lusajo, Lusekelo, Ipyana na Atupele wamejaa kila kijiji. Kompyuta haijui kwamba watu wawili walioandikwa tofauti ni mmoja, wala kwamba wawili walioandikwa sawa ni mtu na binamu yake. Kusahihisha kunataka kiapo kwa wakili, nauli na siku za kupotea. Kwa hiyo mtu hujifunza kutoa taarifa kwa uangalifu, si kwa kuwa ana la kuficha, ila kwa kuwa kosa la karani hulipiwa na mwenye jina.

Kenya walikwenda mbali zaidi kwenye njia hiyo. Mwaka 2019 serikali ilianza kuandikisha watu kwa Huduma Namba, na sheria iliyoianzisha iliruhusu hata vinasaba vya mwili na alama za mahali mtu anapoishi. Miongoni mwa waliokwenda mahakamani ni Jukwaa la Haki za Wanubi, jumuiya ambayo kwa vizazi ilihojiwa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho ambacho jirani zao walipewa bila maswali. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu walizuia ukusanyaji wa vinasaba na alama hizo za mahali, na wakataka uwepo mfumo kamili wa sheria za kulinda taarifa kabla ya kuendelea. Oktoba 2021 mahakama hiyohiyo ikasema utoaji wa kadi ulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa serikali haikutathmini kwanza madhara yake kwa taarifa za watu. Hoja ya Wanubi ingeeleweka bila shida ukingoni mwa Songwe: mfumo unaoandika kila mtu unamsaidia aliye na karatasi, na unamfungia nje kabisa asiye nazo.

Na hofu ya kuandikiwa asili si hofu ya kipuuzi katika eneo hili la Afrika. Rwanda, Wabelgiji walianza kuandika kabila kwenye kitambulisho katika miaka ya 1930. Mwaka 1994 kadi hizo zilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani na watu wenye mapanga. Tanzania ilichagua njia nyingine. Baada ya sensa ya 1967, karani wa sensa haulizi tena kabila wala dini. Uamuzi huo una wapinzani wake: mwaka 2012 baadhi ya vikundi vya Waislamu viligomea sensa vikitaka swali la dini lirudishwe. Kwao, kutohesabiwa kwa sifa hiyo ndiko kulikokuwa kunawapunguza.

Wanapotoa kwa moyo mweupe

Ingekuwa habari inaishia hapo, mwambao huu ungekuwa wa watu wanaojificha. Sivyo. Yapo madaftari ambayo watu wameyakimbilia.

Julai 2013 mkoa wa Mbeya, ambao wakati huo ulijumuisha mkoa wa sasa wa Songwe, ulikuwa wa kwanza kupokea mpango wa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano. Kabla ya hapo cheti cha kuzaliwa kilitafutwa makao makuu ya wilaya, kwa ada na kwa safari. Sensa ya mwaka uliotangulia ilionyesha kuwa ni watoto wachache sana wa umri huo Tanzania Bara waliokuwa nacho. Mpango mpya ulipeleka usajili kwenye kliniki na ofisi ya kata. Mama alimpeleka mtoto kupimwa uzito, akatoka na cheti kilichoandikwa kwa mkono, bure, na taarifa zikatumwa makao makuu kwa ujumbe wa simu. Hakuna aliyehitaji kuhubiriwa. Wazazi walikuwa wamejaza taarifa zilezile ambazo fomu nyingine huziuliza: majina, tarehe, mahali, baba, mama. Tofauti ni kwamba waliondoka na karatasi mkononi.

Kwa wazee njia imepita kanisani. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, Walutheri wa Berlin wakaweka vituo vyao kando ya ziwa, na tangu hapo vitabu vya ubatizo vimeandika watoto wa bonde hili kwa vizazi. Mtu mzima anayetaka kusajili kuzaliwa kwake huweza kupeleka cheti cha ubatizo RITA kama ushahidi. Misheni hazikudai kodi ya kibanda, na vitabu vyao vimebaki kuwa madaftari ambayo watu huyatafuta wenyewe.

Agosti 2022 lilikuja daftari la mbolea. Bei za mbolea zilikuwa zimepanda duniani kote, na tarehe 8, kwenye Nane Nane iliyofanyika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku. Mfuko uliokuwa umevuka Sh 120,000 ungeshuka hadi karibu Sh 70,000 kwa mkulima aliyesajiliwa. Kusajiliwa kulitaka jina, namba ya simu, eneo la shamba na ukubwa wake. Ukubwa wa shamba ni jambo ambalo babu zao wasingemtajia karani wa kodi. Sasa wakulima walipanga foleni kwa mtendaji wa kijiji kuutaja, na lawama zilizosikika zaidi ni za walioambiwa mfumo hauwaoni.

Wiki mbili baadaye, 23 Agosti 2022, ikaja sensa, na siku hiyo ikawa ya mapumziko kitaifa. Makarani waliingia nyumba kwa nyumba na vishikwambi, wakahesabu watu 61,741,120. Kazi ilipokwisha vishikwambi vilipelekwa kwa walimu. Miezi kabla ya hapo nyumba zilikuwa zimepewa namba na mitaa majina, katika operesheni ya anwani za makazi iliyozinduliwa Februari mwaka huohuo. Mwaka mmoja ulikuwa umetosha kuandika kila mtu, kila nyumba, na mashamba ya kila aliyetaka mbolea.

Mfano wa ndani zaidi ni wa damu. Kuanzia mwaka 2006 hadi 2011, watafiti wa kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, walifuatilia watu wapatao 18,000 katika maeneo tisa ya mkoa, Kyela likiwa mojawapo. Kila mwaka kaya zilihojiwa na watu wakatoa damu. Kyela ilikuwa na maambukizi mengi ya minyoo iletayo matende na mabusha, ugonjwa unaoenezwa na mbu na unaoaibisha wanaume kiasi kwamba wengi huuficha ndani ya shuka. Kutokana na damu hiyo, mwaka 2016 jarida la The Lancet lilichapisha jambo ambalo dunia ilikuwa haijathibitisha: wenye minyoo ile walipata maambukizi mapya ya VVU zaidi ya mara mbili ya wasio nayo. Utafiti huo ulisimama juu ya utayari wa watu waliorudi mwaka baada ya mwaka kukunja mkono wa shati mbele ya mtu mwenye sindano, katika nchi ambayo hadithi za mumiani wanyonya damu zilitisha watoto kwa vizazi.

Cheti, mfuko wa mbolea, matibabu kwa waliotoa damu. Katika yote matatu aliyetoa taarifa aliona kinachorudi, na alimwona anayekipokea. Mtafiti alirudi mwaka uliofuata. Muuguzi wa kliniki alikuwa ni yuleyule.

Jirani mwenye daftari

Lakini huyo muuguzi yuleyule ana upande wa pili, na hapa ndipo mawazo ya watu wa mwambao yanapoachana na vitabu vya sheria.

Neno la kitaalamu ni faragha. Ni neno zuri, na Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 16, inamhakikishia kila mtu heshima na hifadhi kwa maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Lakini barazani watu husema siri, na siri daima huwa na mtu: siri asiijue nani? Ukisikiliza kwa makini, “nani” huyo kwa kawaida hayuko Dodoma. Yuko nyumba ya tatu.

Monica na Godfrey Wilson, wanaanthropolojia walioishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, walieleza jamii iliyojengwa juu ya urafiki wa rika. Vijana wa umri mmoja walitoka kwa baba zao, wakajenga kijiji chao, wakala pamoja, wakazeeka pamoja. Kula peke yako kulitiliwa shaka. Na mkosaji aliyeudhi wenzake aliogopa manung’uniko yao, pumzi ya watu, iliyosemekana kuweza kumtia maradhi. Vijiji vya rika vimekwisha. Lakini jamii ambamo jirani anajua kila kitu, na ambamo maneno ya majirani yanaweza kukuumiza, haijaisha.

Serikali baada ya Uhuru ilijenga juu ya msingi huo. Chama tawala cha TANU kiliweka mjumbe wa nyumba kumi katika miaka ya 1960, na kwa miongo mjumbe ndiye aliyejua nani kalala wapi na mgeni wa nani katoka wapi. Hakuwa ofisi. Alikuwa baba fulani, mwenye ng’ombe na madeni yake. Hata leo barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti au kuombea kazi huanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji, mtu anayekufahamu, na anayefahamiana pia na wasiokupenda.

Kuna taarifa ambazo sheria ya kisasa ingeziweka kabatini, lakini kijiji kinazisoma kwa sauti. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilipoanza kutafuta kaya maskini za kupewa ruzuku, mkutano wa kijiji ulitaja majina. Watu walisimama hadharani wakasema huyu anastahili, yule ana mabati. Baadaye mfumo wa takwimu ulihakiki, na majina yakarudi mkutanoni tena. Utaratibu huo ulitarajiwa kuzuia upendeleo, na kwa kiasi fulani umezuia. Kwa mama aliyetajwa kuwa fukara mbele ya wakwe zake, hiyo haikuwa taarifa binafsi tena.

VVU ndivyo vinavyoonyesha jambo hili kwa ukali zaidi. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulikuta mkoa wa Mbeya una maambukizi ya asilimia 9.3 kwa watu wazima, karibu maradufu ya wastani wa taifa. Sheria ya mwaka 2008 inafanya kuwa kosa kutoa majibu ya mtu bila idhini yake. Pamoja na hayo, ni jambo la kawaida nchini mtu kuacha kituo kilicho karibu na nyumbani kwake na kupanda gari kwenda kuchukulia dawa wilaya nyingine. Mtu huyo haogopi serikali. Dawa anazokwenda kuchukua ni za serikali, na jina lake liko kwenye kompyuta ya serikali kokote aendako. Anachokwepa ni benchi la kusubiria, na jirani aliyekaa juu yake.

Wakala wa simu naye anaingia katika kundi hilo. Mwaka 2019 na 2020 alama za vidole na namba za vitambulisho vya mamilioni zilipitia mikononi mwa vijana walioketi kando ya barabara. Baadhi ya watu waliambiwa mashine haijasoma, waweke tena, kumbe kidole cha pili kinasajili laini nyingine. Laini hizo ndizo zinazotuma ujumbe ambao kila mwenye simu Tanzania ameupata: “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Ndiyo maana Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliweka namba *106#, ambayo mtu akiipiga anaona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Wapo walioipiga wakakuta namba ambazo hawajawahi kuzishika.

Mei mosi mbili

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika 1 Mei 2023. Usajili wa laini kwa vidole ulianza 1 Mei 2019. Kwa miaka minne kamili, siku kwa siku, vidole vya taifa vilikusanywa pasipo sheria mahsusi ya kuvilinda.

Sheria yenyewe ina meno. Anayekusanya au kuchakata taarifa za watu, awe wizara, benki au hospitali, anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia aliizindua rasmi 3 Aprili 2024. Anatakiwa aseme anakusanya kwa ajili gani na asizitumie kwa jambo jingine. Mwenye taarifa ana haki ya kuziona, kuzisahihisha na kulalamika. Ina mianya pia: mambo ya usalama wa taifa, uhalifu na ukwepaji wa kodi yamewekewa misamaha, na kodi, kama ilivyoonekana, ndiyo hofu ya zamani kuliko zote. Mei 2024 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati wa haki za binadamu Tito Magoti, iliona baadhi ya maneno ya sheria hiyo hayaeleweki kiasi cha kumlinda mtu, ikaipa serikali mwaka mmoja kuyarekebisha.

Kuna jambo ambalo sheria haiwezi kuliagiza, nalo ni serikali kutoa kama inavyopokea. Kufikia Mei 2020 Tanzania ilikuwa imetangaza wagonjwa 509 wa korona, kisha ikanyamaza kwa zaidi ya mwaka. Watu waliokuwa wametoa vidole vyao miezi mitatu kabla hawakuweza kuambiwa ni wangapi wanaugua mkoani kwao. Mwaka 2018 sheria ya takwimu ilikuwa imefanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi. Kifungu hicho kililegezwa mwaka 2019. Ni vigumu kumwambia mvuvi wa Matema awe muwazi kwa ofisi ambayo yenyewe inachagua siku za kuwa wazi.

Tume ina makao yake makuu, tovuti na wanasheria. Vyote hivyo vinatazama taasisi kubwa zenye kompyuta, na ni sawa vizitazame. Lakini taarifa nyingi za mtu wa Kyela hazianzii kwenye kompyuta. Zinaanzia kwenye daftari la mtendaji lenye jalada gumu, kwenye fomu zilizopangwa juu ya dirisha la zahanati, kwenye meza ya plastiki chini ya mwavuli. Mkazi wa Ipinda au Kasumulu ataipima sheria hiyo kwa mambo mawili tu: kama kabati la mtendaji wa kata yake lina kufuli, na kama siku akienda kuomba aonyeshwe kilichoandikwa juu yake, ataonyeshwa.